Alama Nyuma ya Kompyuta na Kikohozi Chako



Kijana mmoja wa ofisi ya mishahara alikuja dispanseri na kidole kilichochanika. Nilipokuwa nikimfunga bandeji, akawa anatazama kompyuta yetu mpya. Akauliza: «Bwana munganga, hizi alama zote nyuma yake ni za nini?» Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, akaenda zake. Baadaye niliona ya kuwa jibu langu lilikuwa fupi mno, maana swali lake linatugusa sisi wa Likasi kuliko alivyofikiri. Basi leo namjibu mbele yenu wote.

Geuzeni kompyuta, au chaja ya telefoni. Mara nyingi mtaona picha ya pipa la taka lililopigwa msalaba. Maana yake ni hii: kitu hiki kikifa, kisitupwe pamoja na takataka za nyumbani. Ni sheria ya Ulaya. Mtaona pia herufi CE. Hizo ni neno la mtengenezaji mwenyewe, anasema amefuata masharti ya Ulaya. Si sifa ya kutunza mazingira, wala msidanganyike nazo sokoni.

Alama za kutunza mazingira ni nyingine. Ya zamani kuliko zote ni Malaika wa Buluu wa Ujerumani, iliyoanza mwaka 1978. Energy Star ya Marekani ilianza 1992, nayo inahusu umeme: mashini isile umeme ovyo. EPEAT, ya Marekani pia, ilianza 2006, inapanga mashini kwa ngazi tatu, shaba nyeusi, fedha na dhahabu. Halafu kuna TCO Certified, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Nitawaambia sababu.

TCO ni umoja wa sendika za wafanyakazi wa ofisini huko Sweden. Zamani zile skrini zilikuwa sanduku kubwa zito, nao waliokaa mbele yake kutwa nzima waliogopa mionzi na waliumwa na macho. Sendika zikaanza kudai vipimo, na mwaka 1992 zikatoa alama yao: mashini ikishinda vipimo, inabandikwa, ikishindwa, haibandikwi. Wanunuzi wakubwa wakaanza kuitafuta alama hiyo, na watengenezaji wakalazimika kufuata. Angalieni vizuri, ndugu: alama hii ilizaliwa na malalamiko ya wafanyakazi kuhusu afya yao.

Tangu hapo imekuwa ikishuka chini polepole. Mwaka 1995 iliongeza mambo ya mazingira. Baadaye ikawafikia wanaounganisha mashini viwandani: saa zao za kazi, mshahara wao, usalama wao. Toleo lililotoka 2018 linawadai watengenezaji wafuatilie hata madini, kobalti ikiwa mojawapo. Kutoka macho ya karani wa Stockholm mpaka shimo la Katanga, safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka 25.

Sheria nazo zilichelewa kutuona. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ilitaja bati, koltani, volframu na dhahabu, kwa ajili ya vita vya Kivu. Kobalti haikutajwa, ijapokuwa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu. Ni mwezi wa kwanza 2016, Amnesty International na Afrewatch walipotoa ripoti yao juu ya wachimbaji wa mikono na watoto mashimoni, ndipo kampuni kubwa za telefoni zilianza kuulizwa maswali magumu. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bateri inaitaja kobalti waziwazi, lakini wajibu wa kuchunguza inakotoka umesogezwa mpaka 2027. Kwa upande wa shaba kuna Copper Mark, tangu 2019. Hiyo inakuja kwenye mgodi na kiwanda chenyewe, na afya na usalama kazini ni sehemu ya inayoyakagua.

Sasa tuje kwenye kiini. Mtu wa Stockholm anatuonaje sisi?

Hatuoni. Unga wa kobalti unatoka hapa katika mifuko mikubwa, unapita Kasumbalesa kwa malori mpaka bandari ya Durban au ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa inasafishwa huko China. Huko unga wa migodi mingi unachanganywa. Hakuna mtu anayeweza kushika bateri na kusema: hii ni ya Kambove, ile ni ya Kolwezi. Kwa hiyo kinachofuatwa ni makaratasi. Na kati ya makaratasi anayoomba mkaguzi akifika, liko daftari la dispanseri. Anakaa siku chache tu. Anaangalia ajali, vipimo vya vumbi, maski, kisha anahesabu wagonjwa. Akikuta kifua hakipo katika daftari, anaandika ya kuwa vumbi halina madhara. Anaandika alichokiona.

Nitasema jambo ambalo halinipi sifa. Kabla ya kufika hapa nilifanya kazi mahali pengine. Baba mmoja wa sehemu ya kujaza unga mifukoni alikuja na kikohozi cha miezi miwili. Usiku kifua kilipiga filimbi. Siku za mapumziko alipata nafuu, akirudi zamu kikarudi. Alinisihi: «Munganga, usiandike kifua. Andika malaria.» Ekipi yao ilikuwa inapata primu kwa kuhesabu siku bila ajali wala ugonjwa wa kazi, na yeye hakutaka kuwaharibia wenzake. Nikaandika malaria. Mara ya pili pia nikaandika malaria. Wakaguzi walikuja, nikawafungulia daftari, wakafurahi nalo. Yule baba akaendelea na mifuko. Siku nilipompeleka kupigwa picha ya kifua, alikuwa hapandi ngazi kumi bila kusimama.

Alama yake ilikuwa wazi, na ninyi mwijue: kifua kinachopata nafuu siku ya mapumziko na kurudi siku ya kazi, kinatoka kazini. Malaria haijui Jumapili. Kobalti inaweza kuleta pumu, na pia upele wenye kuwasha mikononi na shingoni. Ikiingia mwilini kwa wingi inadhuru hata moyo: mwaka 1965 na 1966 huko Quebec, Kanada, wanywaji wakubwa wa bia walikufa kwa moyo kwa sababu kiwanda kilitia kobalti katika bia ili povu likae. (Bia ya leo haina, msije mkanilaumu.) Mwaka 2022 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa waliiweka kobalti ya metali kati ya vitu vinavyoelekea kuleta saratani.

Wala si sisi tu tunaoshika unga. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakatoa matokeo mwaka 2009: kobalti nyingi sana. Mwaka 2018 walionyesha hivyo tena kwa kartye ya Kasulo, Kolwezi, na watoto walikuwa na nyingi kuliko wakubwa. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya Lubumbashi: watoto waliozaliwa na kasoro walipatikana zaidi kwa akina baba wanaofanya kazi ya mgodi. Kwa hiyo nguo za kazi zisiingie nyumbani, na mama asizikung'ute uani penye watoto. Oga kabla ya kumbeba mtoto.

Mkaguzi akitaka kuzungumza nawe peke yako, una haki ya kumwambia kweli. Kama maski hutolewa siku ya wageni tu, mwambie hivyo. Nawe una haki ya kuuliza nilichoandika katika fishi yako. Usione haya, nitakusomea.

Neno moja juu ya lile pipa lenye msalaba. Alama hiyo inadhani kuna gari linalopita kukusanya mashini zilizokufa. Katika kartye zetu sijaliona. Lakini vijana wanaochoma nyaya za kompyuta ili wapate shaba nawaona kila mara, na moshi ule una sumu mbaya. Wazuieni. Bateri iliyovimba msiitoboe wala msiitupe motoni. Iwekeni mbali na watoto, penye kivuli, na mniulize.

Mwenye kikohozi kilichopita wiki tatu aje dispanseri, asingoje kukonda. Aje na mambo haya kichwani: anashika nini, yuko zamu gani, kikohozi kilianza lini, na siku ya mapumziko kinakuwaje. Nitaandika vilevile atakavyosema.