Dondoo muhimu: Kuku gani wa uani?
Kabla ya kununua vifaranga, amua: mayai, nyama, au vyote? Kuku wa aina ya Kuroila na Sasso hukua haraka na hutaga vizuri, lakini hula sana na ni nadra kuatamia. Ukiwategemea wao tu, kila msimu utarudi kununua vifaranga. Ndiyo maana napenda familia ianze na matetea watatu wa kienyeji, walezi hodari wasiohitaji mashine ya kutotolesha, na jogoo mmoja mwenye mwili. Jogoo wa aina ya Kuchi ana umbo kubwa, ila ni mgomvi. Usimchanganye na majogoo wengine. Penye joto kali, kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, hustahimili zaidi. Aina yoyote utakayochagua, chanjo ya mdondo ya tone la jicho irudiwe kila baada ya miezi 3.