Kichefuchefu cha Tibakemikali: Nani Yumo Hatarini Zaidi?

Mgonjwa wa saratani atokaye delta ya Rufiji husafiri kwa boti, kisha kwa basi kutoka Kibiti, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya dozi ya kwanza ya tibakemikali aulizwe: je, hutapika awapo safarini? Alisumbuliwa na kichefuchefu cha mimba? Hayo huongeza hatari, kama vile jinsia ya kike, umri chini ya miaka 50 na wasiwasi mwingi. Dawa yenyewe ndiyo huamua zaidi: sisplatini hutapisha mno, vinkristini kidogo.

Kichefuchefu huweza kuanza baada ya saa 24, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kijijini. Hivyo aondoke na dawa za kuzuia kutapika, azimeze kwa wakati alioelekezwa, asingoje hadi atapike.