Gesi Inasayo Elektroni

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika Kibondo na Kasulu. Umeme wa waya ni mwendo wa elektroni, chembe ndogo zisizoonekana. Swichi kubwa inapokata umeme, elektroni huruka katikati ya vyuma, zikagonga hewa na kutoa elektroni nyingine. Cheche kali hutokea. Huweza kuunguza mitambo.

Ili kuzizima, swichi nyingi za vituo vya umeme hujazwa gesi yenye salfa na florini. Elektroni ya mwendo mdogo ikigonga molekuli yake hunaswa, kama ndege kwenye ulimbo.

Gesi hii isivuje: kwa uzito ule ule, hulipasha anga joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kabonidayoksaidi.

Swali: Kwa nini cheche huzimika?