Msikilize Mteja Kabla ya Kupunguza Bei

Ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) ya mwaka wa 2018 ilionyesha kuwa Kakuma kuna biashara zaidi ya 2,000. Mteja asiyeridhika hapa huvuka tu hadi kibanda cha pili. Somo hili linawahusu wafanyabiashara wadogo wa Kakuma na Lodwar: kusikiliza kunavyolinda faida.

1. Sikia swali lenyewe

Mteja anashika samaki mkavu na kuuliza, "Mama, huyu atakaa siku ngapi?" Muuzaji mwenye haraka hujibu, "Chukua, nitakupunguzia." Tuseme fungu alilinunua kwa Sh200 na anauza Sh260. Akishusha hadi Sh220, faida ya Sh60 inabaki Sh20. Na mteja hajajibiwa: hakulalamikia bei, alitaka kujua kama samaki atadumu safarini. Jibu la kweli kuhusu siku na namna ya kumhifadhi lingetosha.

2. Uliza usipoelewa

Kakuma imepokea wakimbizi tangu 1992, na hata Kiswahili chake ni cha aina nyingi. Mteja kutoka Kongo akiulizia lengalenga, muuzaji anaweza kusema hakuna, ilhali mchicha uko mezani pake. Akiulizia sombe, anataka kisamvu. Kuuliza si ujinga. Mwambie, "Ndugu, nieleze inapikwaje," au umwombe akuonyeshe kwa mkono.

3. Rudia ulichosikia

Kabla ya kupima au kufunga mzigo, rudia idadi, kipimo na bei: "Umesema kilo mbili za unga na nusu ya maharagwe, sivyo?" Lugha zikipishana, andika bei kwenye simu na umwonyeshe. Ugomvi mwingi wa sokoni huanzia kwenye hesabu ambayo kila upande uliisikia kivyake, na wahenga walisema biashara haigombi.

4. Andika kinachoulizwa na hakipo

Bidhaa nyingi hutoka Kitale kwa barabara ndefu, na mzigo usiouzika hufunga mtaji. Weka daftari. Kitu kikiulizwa na wateja watano kwa wiki moja, una sababu ya kukiagiza. Ambacho hakuna anayekiulizia, usiagize kwa kubahatisha.

Haki ya mteja

Kumjibu mteja kwa ukweli si hisani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo.

Zoezi la wiki

Kwa siku saba, mwache kila mteja amalize kuzungumza kabla hujataja bei. Jioni, andika mambo mawili: aliuliza nini, na aliondoka na nini. Mwisho wa wiki, soma daftari kabla ya kuagiza mzigo mwingine.