Upangaji wa Madaktari Wahitimu katika Mafunzo ya Ubingwa nchini Marekani

Mhitimu wa udaktari nchini Marekani hupitia kwanza mafunzo ya ubingwa, yaani kipindi cha miaka 3 hadi 7, kwa kadiri ya fani, ambapo hutibu wagonjwa hospitalini kwa mshahara huku akisimamiwa na mabingwa. Nafasi za mafunzo hayo, isipokuwa za fani chache kama macho na njia ya mkojo zenye upangaji wa peke yake, hugawiwa na taasisi isiyotafuta faida ijulikanayo kwa kifupi kama NRMP, iliyofanya upangaji wa kwanza mwaka 1952.

Kabla ya hapo hospitali, zikiwa na nafasi nyingi kuliko wahitimu, ziligombea wanafunzi hata miaka 2 kabla hawajamaliza masomo. Na vyuo vilipokubaliana kuzuia taarifa za wanafunzi zisitolewe mapema, tatizo liligeuka sura tu, kwani mwanafunzi alidaiwa jibu ndani ya saa chache, asijue kama hospitali aliyoipenda zaidi ingemwita kesho yake.

Siku hizi, baada ya usaili, mwombaji huwasilisha orodha ya upendeleo, yaani programu za mafunzo alizozipanga kuanzia anayoitaka zaidi, na kila programu nayo huwapanga waombaji. Kompyuta humweka mwombaji kwa muda katika chaguo lake la kwanza, ikiwa programu hiyo imemworodhesha na ina nafasi. Programu iliyojaa ikifikiwa na mwingine inayempendelea zaidi, aliye chini kabisa hutolewa na kujaribiwa katika chaguo lake linalofuata, na hakuna nafasi inayothibitishwa mpaka mzunguko wote umekwisha. David Gale na Lloyd Shapley walieleza hisabati ya utaratibu wa namna hii mwaka 1962, na mwaka 1984 Alvin Roth akaonyesha kwamba NRMP ilikuwa ikiutumia tangu miaka ya hamsini, ila kwa kuanzia upande wa hospitali, jambo lililozipa hospitali upendeleo na kurekebishwa mwaka 1998.

Kutokana na mpangilio huo, mwombaji anayeweka juu programu asiyoipenda sana, kwa kudhani kwamba ndiyo inayopatikana kwa urahisi, hajiongezei usalama wowote, bali hujifungia mlango wa ile aliyoitaka, kwa kuwa kukataliwa juu hakumpunguzii nafasi katika chaguo la chini. Hatari ya kweli ni orodha fupi mno, kwani ikiisha mwombaji hubaki bila nafasi.

Matokeo hutolewa mwezi Machi: Jumatatu mwombaji huarifiwa kama amepata nafasi, Ijumaa hutajiwa mahali, na pande zote mbili hufungwa na matokeo hayo, na aliyekosa huomba nafasi zilizobaki katika wiki hiyohiyo. Mhitimu wa nje, awe wa Muhimbili au wa Nairobi, hutakiwa pia awe amefaulu mitihani ya cheti cha ECFMG, kinachothibitisha elimu ya udaktari iliyopatikana nje ya Marekani, kabla orodha hazijafungwa, la sivyo jina lake huondolewa katika upangaji.