Kusikia Ndiko Kutii

Somo: Mathayo 8:5-13



Miaka ile tuliyofundisha, mzazi akija shuleni kumshitaki mwanawe, mara nyingi alisema, "Mwalimu, mtoto huyu hasikii." Hakuwa na maana kwamba masikio ya mtoto ni mabovu. Mtoto alisikia kila neno, ila hakulitenda. Lugha yetu yenyewe yatufundisha: kusikia bila kutii si kusikia.

Tumwangalie akida wa Kapernaumu. Wazee wetu walilijua neno akida tangu utawala wa Wajerumani. Ndiye aliyewekwa juu ya majumbe. Akida wa Injili alikuwa mkuu wa askari. Mtumishi wake alipooza, naye akamwendea Bwana Yesu. Bwana alipokubali kwenda kwake, akida alijibu kwamba hastahili. Bwana aseme neno tu, litatosha. Kisha akatoa sababu: yeye naye yu chini ya mamlaka, na chini yake wapo askari wanaokwenda akiwatuma.

Tuangalie vema. Hakuanza na askari wake. Alianza na mamlaka iliyo juu yake. Amri yake ilikuwa na nguvu kwa kuwa yeye mwenyewe alitii. Wengi wetu twapenda sehemu ya pili tu: baba nyumbani, mwalimu darasani, mzee wa kanisa katika halmashauri. Twataka kusikiwa. Je, sisi twamsikia nani?

Hapo somo lilitushika sisi wenyewe. Kwa miaka miwili hatukusalimiana na ndugu yetu mmoja kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila Jumapili tulipiga magoti kupokea Ushirika Mtakatifu, na yeye vivyo hivyo. Kila usiku tuliomba Mungu aseme nasi juu ya jambo hili. Kumbe alikwisha sema! Katika Mathayo 5:23-24 Bwana aagiza tupatane kwanza na ndugu, ndipo tutoe sadaka. Mistari hiyo tuliifundisha watoto miaka mingi. Sisi ndio tuliokuwa hatusikii.

Jumamosi moja tulikwenda. Tulipewa kiti na maji ya kunywa. Habari ya mpaka haijaisha hata leo, lakini twasalimiana, na wajukuu wetu hupita uani kwake bila hofu.

Ndugu, yawezekana nawe wangojea sauti mpya, na neno la zamani hujalitenda. Anza na hilo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Bwana alistaajabia imani ya akida?
2. Ni agizo gani la Kristo tulijualo, nasi hatujalitii?

Tuombe: Ee Bwana, tupe masikio yanayosikia na miguu inayokwenda, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.