Usiiachie Oktoba Divai Yako

Umeletewa chupa ya Rubicon, divai nyekundu kutoka shamba la Meerlust, Stellenbosch, Afrika Kusini. Wanaitengeneza kwa mtindo wa Bordeaux tangu 1980; siku hizi huchanganya Cabernet Sauvignon, Merlot, Cabernet Franc na Petit Verdot. Chupa kama hiyo ikitunzwa vizuri hupita miaka 10. Ila wewe unakaa Nathenje, Malawi, na adui yako ni joto. Fanya hivi.

Amua mapema. Una mahali pa baridi mwaka mzima? Itunze. Huna? Inywe kabla ya joto la Oktoba. Joto haliivishi divai, linaipika.

Ukinunua mwenyewe Lilongwe, kagua shingo. Kizibo kimesukumwa juu, au kuna mchirizi unaonata? Hiyo imeshaungua. Iliyopangwa dirishani juani nayo iache hapo hapo.

Tafuta kona tulivu. Divai hupenda nyuzi 12 hadi 15, zisizopanda na kushuka. Huzipati? Chagua sakafuni, gizani, kando ya ukuta mnene, mbali na jiko. Nyumba ya matofali ya udongo, kama zilivyo nyingi kwenye kambi ya Dzaleka, hushinda chumba cha mabati.

Tumia mtsuko. Weka mtungi huo kwenye beseni la mchanga, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Funga chupa kwa plastiki, iingize shingo chini, kisha funika kwa kitambaa kibichi. Septemba na Oktoba hewa ni kavu, kwa hiyo mbinu hii hufanya kazi wakati unapoihitaji zaidi.

Ukiiweka nje ya mtungi, ilaze. Kizibo kikikauka, hewa hupenya na divai huharibika. Yenye kifuniko cha kuzungusha haina shida hiyo.

Usiifiche kwenye friji miezi mingi. Friji hukausha kizibo, na umeme ukikatika joto hupanda tena.

Siku moja kabla ya kunywa, isimamishe ili mashapo yatulie chini. Ikikaribia saa yenyewe, ipe nusu saa kwenye friji. Unataka nyuzi 16 hadi 18, si joto la sebule yako ya Novemba.

Mimina theluthi ya glasi. Inamishe juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa zambarau ni uchanga. Ukingo wa rangi ya tofali ni umri.

Zungusha, nusa. Ikinuka kama katoni iliyolowa, kizibo kimeiharibu. Usijilazimishe.

Onja kidogo, izungushe mdomoni. Ule ukakasi kwenye ufizi ni tanini, kama chai ya Thyolo iliyochemka mno bila sukari. Ukiwa mkali, imimine kwenye jagi, subiri saa moja, kisha inywe na mbuzi wa kuchoma. Mafuta ya nyama huulainisha.

Ukakasi umelainika, na harufu ya matunda imeanza kukukumbusha tumbaku ya mnada wa Kanengo? Imeiva.

Ukiweza, nunua chupa 3 za mavuno ya mwaka mmoja. Fungua moja kila Juni, kukiwa na baridi, na uandike ulichoonja. Ikitokea ya pili imeiva, ya tatu usiiwekee Juni nyingine. Alika watu.